Karani wa Mizani na Marungu Yake

Kwa miaka kumi na tisa Tani alikaa kwenye kibanda kando ya geti la ghala la nafaka, akipima malori. Lori likiingia na mzigo linapanda kwenye bamba la chuma, yeye anasoma namba. Likitoka tupu linapanda tena, anasoma namba, anatoa hii kwenye ile, anaandika. Hiyo ndiyo kazi yote. Jina lake la kwenye kitambulisho madereva hawakulijua na hawakuona hasara. Walimwita Tani, na mwisho hata mama yake mzazi akaanza kumwita hivyo, hasa akiwa na hasira.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, mrefu, mwembamba, na mikono ya mtu ambaye mzigo wake mzito kuliko yote ulikuwa daftari. Hakuwa ameoa. Watu walimuuliza habari hiyo kwa miaka mingi mpaka wakachoka wenyewe. Aliishi na mama yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, na tangu mama alipopata kiharusi upande wa kulia, kila asubuhi kabla ya kazi ilimbidi amtoe kitandani amweke kwenye kiti cha dirishani, na jioni amrudishe. Siku mama anaruhusiwa hospitalini waliandika kwenye kadi yake kilo sabini na nne. Tani, ambaye namba ikishaingia kichwani haitoki, hakuisahau. Yeye mwenyewe alikuwa na sitini na sita.

Miezi miwili alimudu, kwa kukaza meno na kuomba Mungu. Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, katikati ya kitanda na kiti, mikono ikakataa. Wakashuka wote wawili pole pole, bila haraka yoyote, mpaka wakajikuta wamekaa sakafuni wanatazamana. Hakuna aliyeumia. Alijaribu kumwinua mara tatu, na mara ya nne mama akamwambia aache kwa sababu sasa anamtekenya. Ikabidi aite majirani. Walikuja wanaume wanne, mmoja na mswaki bado uko mdomoni, na wakati wanamnyanyua mama aliwauliza mmoja mmoja habari za nyumbani utadhani ndiye aliyewaalika. Tani alisimama pembeni ameshika mto. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, na alifika kazini bila kunywa chai.

Habari ilimfikia dada yake kabla ya saa sita mchana. Dada alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mji mwingine, mtu wa ratiba, na hata kwenye simu alizungumza kama yuko mbele ya mstari wa asubuhi. Alisema shule zikifungwa mwezi wa nane atakuja. Akikuta mdogo wake anaweza kumbeba mama, vizuri. Akikuta hawezi, anaondoka na mama akaishi kwake.

Kwake kulikuwa ghorofa ya tatu. Mama alishakaa huko wiki tatu, zamani, akiwa bado na miguu yake, na alirudi akisema ile si nyumba, ni kabati. Hapa dirisha lake liliangalia njia, na kila aliyepita alilazimika kusimama na kujieleza. Jioni ile, baada ya simu, mama alisema akipelekwa kule atakufa, na atakufa kwa ratiba. Tani akamwambia hatapelekwa. Alisema hivyo bila kuwa na wazo lolote kichwani la namna ya kulitimiza neno hilo.

Wazo alilipata getini. Mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa mama mmoja mstaafu wa jeshi, mfupi, mpana, ambaye kila mtu pale alimwita Afande. Kama walinzi wengine alikuwa na rungu la kazi kiunoni. Lakini kila alfajiri kabla ya kukabidhi zamu alitoa mengine mawili, makubwa, ya mbao nzito, mpini mwembamba na kichwa kinene, akayazungusha nyuma ya mabega yake kwa utulivu wa mtu anayefagia uwanja. Tani alishayaona hayo miaka na miaka, akidhani ni sehemu ya ulinzi. Asubuhi iliyofuata alisimama akamweleza shida yake yote, pamoja na habari ya mto.

Afande aliitazama mikono yake kwa makini.

"Hii umeazima?" akauliza.

Tani akasema ni yake.

Afande alikuwa na marungu ya uzito mbalimbali, kila moja limechongwa namba ya kilo kwenye kitako. Akamwambia achukue la kilo moja. Hapo ndipo Tani alipoharibu. Alipiga hesabu: kutoka moja mpaka sabini na nne ni mbali sana, na mwezi wa nane hausubiri mtu. Afande alipogeuka kufungua geti, akachukua la kilo nne.

Jioni alisimama katikati ya chumba, mama akiwa kitini anamwangalia, akalirusha rungu juu ya bega kama alivyomwona Afande akifanya. Kwenda lilikwenda. Kurudi lilirudi kwa njia yake lenyewe. Likavunja taa, likamgonga kisogoni, likaangukia kwenye beseni. Gizani mama akauliza kama zoezi limekwisha au ndiyo linaanza.

Kesho yake Afande alitazama uvimbe, akanyoosha mkono arudishiwe rungu lake, akampa la kilo moja. Lilikuwa dogo kiasi kwamba Tani aliona aibu kulipitisha mbele ya madereva. Kisha akampa masharti, na alisema wazi kwamba harudii.

Kwanza, ujue uko wapi. Nyoosha mkono na rungu lako, zunguka taratibu, halafu linyooshe juu. Chochote litakachogusa, iwe taa, ukuta au mtu, kiondoe, au uondoke wewe. Pili, kushika. Rungu unalishika kama kuku wa mtu: asikuponyoke, na asikufie mkononi. Ukilibana, kesho kiwiko kitakuuma na utakuja hapa kusema rungu ni baya. Magoti yalegee kidogo, tumbo likaze, mabega yashuke, maana wanaoanza wote hupandisha mabega mpaka masikioni kama watu waliokutwa na mvua. Na wiki mbili za mwanzo hakuna kuzungusha. Unaliachia kando ya mguu, linakwenda mbele, linarudi nyuma, basi, mpaka uchoke kulisukuma na uanze kulifuata.

"Rungu lina safari yake," Afande alisema. "Kazi yako wewe ni kutolichelewesha."

Tani akauliza kwa mwendo huo atafika lini kilo sabini na nne. Afande akamuuliza kama mama yake ana mpini. Tani akasema hana. Basi, Afande akasema, hakuna anayembeba mtu kwa mikono. Unachuchumaa, unamvuta mpaka kifua chake kiguse chako, miguu na kiuno ndivyo vinavyonyanyua. Kazi ya mikono ni kukataa kufunguka tu, na hiyo yake ilikuwa inafunguka kwa sababu mabega hayajawahi kuombwa kitu tangu yazaliwe.

Akaanza. Siku tatu kwa wiki, dakika kumi, si zaidi, kwa sababu Afande alisema nguvu inaingia siku ya kupumzika, na asiyepumzika anajichosha bure. Baada ya wiki mbili akaruhusiwa mzunguko: rungu linapita nyuma ya kichwa, kiwiko kinatazama juu, linashuka mgongoni kama mtu anayejikuna, linatokea bega la pili. Aanze na mkono ulio dhaifu, na ule wenye nguvu upewe idadi ile ile, usizidishiwe hata moja. Misuli ikichoka, hiyo ni sawa. Ndani ya kiungo kikichoma, weka chini palepale. Na uzito hauongezwi mpaka umalize mizunguko thelathini kila upande bila kukunja uso. Afande hakuangalia rungu hata kidogo, aliangalia uso.

Nyumbani mwamuzi alikuwa mama. Alihesabu kwa sauti kutoka kitini, na mzunguko usiompendeza hakuuhesabu. Tani aliweza kufanya kumi na tano akaambiwa ana kumi na moja. Akibisha, mama alisema yeye kiharusi kimempata mkono, si macho.

Na mama akaanza habari ya chakula. Mtu wa mazoezi lazima ale, alisema. Jioni wakikaa mezani alikula vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani yake upande wa mwanawe: malizia hii, baba, mimi nimekaa tu kutwa nzima, nimeshiba na hewa. Mayai yake, kula wewe. Maziwa, kunywa wewe, yananijaza tumbo. Tani alikula. Mazoezi yalimletea njaa ambayo hakuijua tangu ujana, na sahani mbili kwa jioni moja aliziona za kawaida. Mchana mama alibaki na jirani, mjane wa nyumba ya pili, aliyemwogesha, kumbadilisha nguo na kumwachia chakula karibu na dirisha. Kuku wa jirani yule walinenepa sana mwaka ule. Ikifika saa saba mchana walikuwa wamejipanga chini ya dirisha la mama, na waliopita njiani walisema kuku wale wana adabu.

Mwezi wa tano Tani akapewa la kilo mbili. Mwezi wa saba la kilo tatu, na ule mwezi alipita getini akiwa amelibeba begani ili madereva waone. Asubuhi alimtoa mama kitandani bila kukaza meno. Wiki zilizofuata alimtoa huku wanazungumza. Siku moja alimbeba na kusimama naye katikati ya chumba akimweleza habari ya lori lililokwama, akasahau kumweka chini mpaka mama alipomkumbusha. Mama akasema, "Umekuwa mwanaume, Tani." Akaenda kazini anapiga mluzi.

Sasa mtu anaweza kuuliza: karani wa mizani, miaka kumi na tisa, hakuhisi? Hakuhisi. Mizani ya malori inaruka kilo ishirini ishirini. Lori likipungua kilo kumi na tano namba hata haitikisiki, na mtu aliyeitumikia mizani hiyo maisha yake yote hujifunza kwamba chini ya ishirini hakuna kitu. Isitoshe alikuwa na maelezo mazuri mkononi, yenye namba tatu iliyochongwa kwenye kitako. Mzigo ukiwa mwepesi na wewe unafanya mazoezi, nani atauliza mzigo?

Dada alifika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane na sanduku moja tupu, kwa ajili ya nguo za mama. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akasema, "Haya, nione." Tani akachuchumaa, akamvuta mama kifuani, akasimama naye, akageuka, akamweka kitini taratibu, akamfunika blanketi. Dada akamwambia amrudishe, kisha amtoe tena. Alifanya mara tatu. Mwisho dada akaweka mkoba chini. Alisema ahadi ni ahadi, sanduku atarudi nalo hivyo hivyo, ila maadamu amekuja, Jumatatu watampeleka mama zahanati akapimwe presha. Mama akasema presha yake haina neno. Dada akasema Jumatatu, saa mbili.

Zahanati walikuwa na mizani ya kusimama, na mama hasimami. Muuguzi akamwambia Tani ambebe apande naye. Akapanda, namba ikasoma mia moja thelathini na moja. Akamweka mama kitini akapanda peke yake, sabini na moja. Muuguzi alikuwa bado anatafuta kalamu.

"Sitini," Tani akasema.

Muuguzi akafungua kadi, akapandisha miwani. Akasema hapa pameandikwa sabini na nne.

Tani akauliza mizani hii ilikaguliwa lini. Akainama akaangalia miguu ya mizani kama imekaa sawa, akapuliza vumbi, akasema mizani mbovu zipo nyingi. Ikabidi dada apande. Ikasoma themanini na moja. Dada alisema kwa sauti ndogo kwamba mizani ni nzima.

Wote watatu wakamgeukia mama. Mama alikuwa anaangalia bango la chanjo ukutani. Muuguzi akamuuliza kama anakula, akajibu anakula. Dada akasema, "Mama," kwa ile sauti ambayo watoto mia sita waliiogopa, na mama akaachana na bango.

"Siku ile nilimwangusha mwanangu sakafuni," akasema. "Nikaona na mimi nisaidie kwa upande wangu."

Akaeleza yote bila kuficha, kama mtu anayetoa ripoti. Yeye ndiye aliyemwambia jirani kwamba daktari ameagiza apunguze mwili, na jirani akaamini, asilaumiwe. Cha mchana walipewa kuku. Cha jioni alikula Tani. Mwanzoni njaa ilimsumbua, baadaye ikazoea. Alikuwa ameona mizunguko inakwenda taratibu na mwezi wa nane unakuja, akapiga hesabu yake, akaona wakikutana katikati watawahi.

Muuguzi aliandika mambo mengi. Alisema mgonjwa wa kiharusi kushinda na njaa ni hatari, mifupa ya mgongoni imeanza kutoboa ngozi, na kilo zile zirudi. Kwenye ukumbi dada alimvuta Tani pembeni.

"Nilisema nikikuta unaweza kumbeba, anabaki," akamwambia. "Sasa sijui nilichokiona. Ulimbeba Mama, au ulibeba aliyebaki?"

Teksi iliwashusha mbele ya nyumba, Tani akachuchumaa, akamvuta mama kifuani kama alivyofundishwa, akasimama. Asubuhi zote zile alikuwa amesimama hivi na kujisifu. Leo mikono yake ilijiandaa kwa mama yake mzima na ikakuta nafasi katikati. Alihisi mbavu, moja moja. Alikumbuka mayai, alikumbuka maziwa, alikumbuka jinsi alivyofuta sahani ya pili kwa kidole. Alimkasirikia mama, akajikasirikia mwenyewe zaidi, na pale mlangoni machozi yakamtoka na hakuwa na mkono wa kufutia. Mama akayafuta kwa mkono wake wa kushoto, akasema watu wanaangalia.

Jioni dada alipika wali na maharage na mayai, akapakua sahani tatu sawasawa. Mama akala vijiko vitatu, akaweka kijiko chini, na sahani ikaanza kusogea upande wa Tani.

"Mama, rudisha," Tani akasema.

"Nikirudi nilivyokuwa utaniangusha," mama akasema. "Halafu huyu ananipeleka kabatini."

Dada akauliza kabati gani. Tani aliinuka. Alimwangalia dada yake, themanini na moja kwa mizani nzima, iliyokaguliwa na mwenyewe.

"Dada, kaa kitandani. Ulegee."

Dada akasema hapana. Kisha akamtazama mama, akatazama ile sahani iliyosogea, akaenda akakaa kitandani, akalegea kadiri mwalimu mkuu anavyoweza kulegea. Tani akapanga miguu, akachuchumaa, akamvuta mpaka kifua kikagusana na kifua. Shingo ikamjaa mishipa. Akasimama. Alisimama naye pale katikati ya chumba, mikono haifunguki, na dada, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumbeba tangu akiwa na miaka minne, alimshika mdogo wake shingoni. Tani akageuka hatua tatu, akamweka kwenye kiti cha dirishani, taratibu, bila kishindo. Uso hakuukunja, au aliukunja kidogo.

Alikaa mezani, akasubiri pumzi irudi. Kisha akaisukuma sahani mpaka mbele ya mama.

"Kilo kumi na nne zako mimi nilishazifanyia kazi," akasema. "Nazitaka zote."

Mama akachukua kijiko, akala, akala tena, akasema wali huu hauna chumvi. Dada akainuka kwenye kiti cha dirishani, akaenda kuleta chumvi.